Njoo utuchangamshe

Jamani nimerudi. Wete, Pemba, kwetu, baada ya miaka 12 ya Uingereza. Tumeshuka boti Mkoani mimi na binti yangu wa miaka 7 na mabegi mawili, tukapanda gari mpaka Chake halafu Wete, na njia nzima harufu ya karafuu inaingia dirishani, watu wameianika juu ya majamvi mbele ya nyumba, mtoto anauliza mama nini hiki kinanukia. Mengine ya safari nayaacha maana kila aliyerudi anayajua. Mimi nataka kuandika kuhusu neno moja tu, kuchangamsha.

Usiku ule ule kwetu kulikuwa na kazi. Karafuu ikitoka mtini inakuja na makonyo yake, yaani vile vijiti vyake, sasa lazima watu wakae chini waichambue, karafuu huku makonyo kule, na haingoji kesho kwa sababu ikilala imerundikwa inaharibika na asubuhi inatakiwa iwe juani. Pemba hii ndiyo kazi yetu, tena toka kile kimbunga cha 1872 kilivyoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja ndo karafuu ikawa zaidi ya huku. Basi baada ya Isha wamekaa bibi, mama, shangazi, majirani na watoto wao, taa katikati, pishi pembeni ya kupimia, vidole vinakwenda vyenyewe. Nilikuwa nimechoka sana ila ningelala vipi.

Shangazi akanambia, "Njoo mwanangu ukae hapa utuchangamshe, usingizi unataka kutuchukua."

Mimi nikajibu, "Haya shangazi, ntajaribu kufanya paweze kuwa na uchangamfu zaidi."

Bibi akainua kichwa. "Paweze kuwa nini?"

Wallahi hakunicheka, alikuwa hajanisikia kweli, nikarudia na bado akawa ananitazama tu, mpaka shangazi akamwambia, "Anasema atatuchangamsha." Aa, bibi akarudi kwenye karafuu zake. Mimi nikabaki na konyo mkononi na koo limenikaba.

Maana kule nilikuwa nasema Kiswahili kila siku, na mama kwenye simu, na wenzangu kwenye Wasap, nikijiambia lugha yangu nimeishika. Kumbe Kiswahili cha simu ni cha habari tu, umeamkaje, hela imefika, mgonjwa anaendeleaje. Nani anampigia mamake simu amwambie achangamshe kitu? Kuchangamsha kunataka watu mliokaa pamoja, kwa hiyo neno lenyewe lilikuwa halina kazi nyumbani kwangu kule, likaondoka taratibu na mimi sikuliona likiondoka. Nililobaki nalo ni njia ya mzunguko, kufanya kitu kiweze kuwa hivi na hivi, maneno mengi mahali pa moja.

Sikulala vizuri. Alfajiri nikawa jikoni na mama, anawasha moto, anachemsha chai, ananambia nenda kamwamshe mtoto, na hapo ndo ikanijia yale ya skuli, kauli ya kutendesha. Waka, washa. Chemka, chemsha. Amka, amsha. Changamka, changamsha. Yaani ni ndugu hawa, na mama huyapitisha yote kila siku kabla jua halijatoka na wala hayafikirii! Moto hauwaki wenyewe na nyumba haichangamki yenyewe, pana mtu kafanya, na Kiswahili kimeubadilisha mwisho wa neno tu ukamuona huyo mtu yupo.

Basi nikawa kama mtoto anayejifunza, nikasema mama nikusaidie kuchangamsha mchuzi. Akanishika mkono. "Mchuzi hauchangamshwi mwanangu, mchuzi unaukoleza, ndimu, chumvi, mpaka unoge. Unayemchangamsha ni mtu." Nikamuuliza na hadithi je? Hadithi unainogesha. Na ngoma? Ngoma inakolea, na ikishakolea hata aliyekaa atainuka. Na yule ng'ombe wa mchezo wa kukimbiza watu kule Kengeja? Huyo anatiwa mori, akasema, ukimchangamsha tu hatokimbiza mtu. Kila kitu na neno lake na yeye hakuyasoma popote, na mimi naona sawa kabisa kuyaandika hapa ili mwenzangu aliye mbali asiyaache yamtoke kama yalivyonitoka mimi. Tena chai ya tangawizi nayo inachangamsha mwili, hilo alilirudia mara mbili akinimiminia.

Usiku wa tatu karafuu zilikuwa nyingi zaidi, watoto washaanza kusinzia juu ya jamvi, na binti yangu kakaa baina ya bibi na shangazi, Kiswahili chake kidogo sana, ila siku zote tatu alikuwa akisikiliza. Shangazi akaita, "Kitendawili!" Na kabla ya mtu yeyote yule mtoto akapiga kelele, "Tega!" Duara zima likaamka, bibi akapiga mkono kwenye jamvi, usingizi wote umekwisha, na mimi machozi yananitoka nimeinamia karafuu.

"Popoo mbili zavuka mto."

Kimya. Nilikijua kile, nilikitega mwenyewe pale pale nikiwa na umri kama wake, na hakikuja. Shangazi akamgeukia mtoto. "Hamjui? Nipe mji."

Mtoto akanitazama, nikamnong'oneza sikioni ataje mji wowote.

"Chukua Leicester!"

"Siutaki huo," shangazi akasema, "uko mbali na baridi kali. Nipe wa karibu."

Akafikiri kidogo. "Chukua Wete."

"Haya, huo naupokea. Nilikwenda Wete nikapokewa vizuri, nikapewa chai na mkate wa mofa, nikakuta bibi na mjukuu wake wanachambua karafuu, wakaniuliza popoo mbili ni nini, nikawaambia ni macho."

Bibi akamsogezea fungu jengine la karafuu.