Leth ya mtumba kutoka Ulaya: nauli inapoizidi bei ya mashine

Leth (mashine ya kukereza chuma) ya mtumba yenye nafasi ya mita 1 kati ya senta, yaani ncha zake mbili za kushikia kazi, uzito wa tani 2 hivi, inaweza kuangukia nyundo ya mnada wa kiwanda kilichofungwa Ubelgiji au Ujerumani kwa dola 1,500. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anaiona kwenye simu, anakumbuka mpya inauzwaje, anaona kashika bahati. Lakini ile bei ya mnada ni kipande kidogo tu cha pesa atakayotoa hadi mashine isimame karakanani, na kipande kinachoweza kukua ghafla ni usafiri.

Meli haiulizi mashine yako ina umri gani wala uliinunua kwa shilingi ngapi. Inauliza mita za ujazo na tani. Tuchukue mfano: nauli ya leth hiyo inatoka dola 900 na kufika 1,600. Kwa anayeleta leth mpya ya dola 15,000, ongezeko la dola 700 halifiki asilimia 5 ya bei. Kwa leth ya mnada ya dola 1,500 ni karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Ndiyo maana nauli inapopanda anayeumia kwanza ni mnunuzi wa mtumba, yule yule aliyekimbilia mtumba kwa sababu mfuko hauruhusu kipya.

Sababu za kupanda si moja. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli za biashara Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi za makontena zikageuza njia kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari zikaongezeka kwa siku 10 hadi 14, mafuta yakaongezeka, na kontena moja likawa linafanya safari chache zaidi kwa mwaka. Kwa mizigo yetu kuna uchungu wa ziada: makontena mengi ya Ulaya kwenda Dar es Salaam hayaji moja kwa moja, yanabadilishiwa meli njiani, kwa mfano Salalah kule Oman. Kontena linaweza kuzunguka Afrika nzima, likapita mbali mbele ya pwani yetu, likapanda hadi Oman, kisha likarudishwa kusini na meli ndogo. Juu ya hayo, tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya unazitoza meli kwa hewa ya ukaa: asilimia 40 ya uchafuzi wa mwaka 2024, 70 kwa 2025, na 100 kuanzia 2026. Kwa safari inayotoka Ulaya kwenda nje inahesabiwa nusu yake. Kampuni za meli hazibebi gharama hiyo zenyewe. Itafute kwenye ankara kama mstari wa peke yake, pamoja na nyongeza ya mafuta, ya hatari ya vita na ya msongamano wa bandari. Kwa hiyo ukipewa bei ya nauli usifurahi kabla hujauliza: hii ni pamoja na nyongeza zote, na itadumu hadi tarehe gani?

Sasa njoo kwenye jambo ambalo wengi hulikuta forodhani. Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani ya forodha ni CIF, yaani bei ya mzigo, bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Nauli ikipanda, kodi inapanda nayo, hata kama mashine ni ile ile. Mashine nyingi za uzalishaji ziko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 0, lakini VAT ya Tanzania ya asilimia 18 ipo kwa mashine isiyo na msamaha. Ongezeko letu la dola 700 linazaa VAT ya dola 126. Mzigo ulio kwenye ushuru wa asilimia 25 unaumia zaidi: kila dola 1,000 ya nauli inaleta ushuru wa 250, kisha VAT ya 225 juu ya zile 1,250, jumla dola 475 kabla ya tozo nyingine. Aliyesajiliwa VAT ataidai baadaye, ila pesa lazima aitoe kwanza. Fundi ambaye hajasajiliwa, imekwenda.

Kuna upenyo mmoja halali. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la nne, inasema mzigo uliokuja kwa ndege hauongezewi nauli kwenye thamani. Kwa leth nzima haisaidii kitu. Kwa vipuri vidogo vya bei kubwa, kama kadi ya umeme ya mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) au beringi za spindo, ule mhimili unaozungusha kazi, linganisha. Mara nyingine ndege inashinda, hasa ukihesabu na wiki ambazo mashine ingelala.

Kabla hujaweka dau mnadani, pima. Kwa mzigo wa kuchangia kontena unalipa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kubwa kati ya hizo. Leth yetu ikiwa ndani ya kasha la mbao la mita 2.4 kwa 1.1 kwa 1.5 ni mita za ujazo 3.96, hivyo tani 2 hazina neno, unalipia 3.96. Ukilitengeneza kasha kwa uvivu likawa mita 2.7 kwa 1.3 kwa 1.7, umefika 5.97: mita 2 za hewa tupu ulizozilipia nauli, na kodi ya nauli hiyo. Sukuma telistoki (kichwa cha mwisho kinachoegemeza ncha ya kazi) hadi mwisho wa bedi ndani ya urefu wa mashine, vua kinga ya majimaji ya nyuma, shusha taa na nguzo ya vipimo, vifunge ndani ya kabati la mashine. Trekta linalopanda meli ya magari nalo linapimwa hivyo hivyo. Lenye urefu wa mita 4.2, upana 2 na kimo 2.7 ni mita 22.68, ukilaza fremu ya kinga na kufungua bomba la moshi likashuka hadi 2.3, ni 19.32. Kazi ya spana ya saa moja imeokoa zaidi ya mita 3 za ujazo.

Kwenye kuchangia kontena kuna mtego wa bei. Wakala wa Ulaya anakupa nauli ndogo inayovutia, halafu Dar unakutana na ada za kufungua kontena, kupanga na kuhudumia, nazo zinatozwa kwa mita ya ujazo. Omba ada za pande zote mbili kwa maandishi, kabla mzigo haujatoka kwa muuzaji.

Na usilipe nauli ya mashine ambayo umeme wake hautaikubali. Ya Ulaya, voti 400 za fezi tatu na hezi 50, inafaa kwetu. Ya Marekani mara nyingi ni voti 480 na hezi 60. Hata ukipata transfoma, mota itazunguka polepole kwa asilimia 17 hivi. Ya Japani mara nyingi ni voti 200. Transfoma hiyo iwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Upakiaji ndipo pesa nyingi zinapopotea kimyakimya. Leth ina kichwa kizito upande mmoja na mota nyuma, kwa hiyo inapenda kuanguka kwa nyuma na kwa upande wa kichwa. Mikanda ya kunyanyulia ipite chini ya bedi, kisha kareji, ile sehemu inayobeba kisu, isogezwe kuelekea telistoki mpaka mashine ikae sawa hewani. Mkanda usiguse kabisa skurubu ndefu ya kukatia nyuzi wala fimbo ya kulishia. Skurubu ikipinda kidogo tu, mashine itawaka na kukereza, lakini nyuzi zitatoka na mawimbi, na gharama ya kuitengeneza inaweza kuzidi bei ya mnada. Mashine ikae juu ya boriti mbili za sentimita 10 kwa 10, zilizofungwa kwa bolti kupitia matundu ya miguu. Misumari haitoshi.

Ndani ya kontena fanya hesabu hii. Kwa bahari yenye mawimbi makubwa, mwongozo wa kimataifa wa kufunga mizigo unataka uhesabu nguvu ya pembeni ya 0.8 ya uzito. Kwa leth ya kilo 2,000 hiyo ni kilo 1,600 zinazosukuma upande. Msuguano wa mbao juu ya sakafu ya plaiwudi ni kama 0.45, unashika kilo 900. Kilo 700 zilizobaki lazima zizuiwe na mbao za kukingia zinazofika ukutani kwenye reli ya chini, au mikanda. Pete za chini za kontena zimewekewa kiwango cha angalau kilo 1,000 kila moja, za juu 500 tu. Ukifunga mnyororo wa tani 5 kwenye pete ya kilo 500, nguvu yako ni ile ya pete. Kuzunguka Rasi si kama kupita Suez. Bahari ya kusini ni kali, na ufungaji uliokuwa ukivumilika zamani sasa hauvumiliki.

Kutu nayo imeongezeka kwa sababu ya siku zilizoongezeka. Kontena linatoka baridi ya Antwerp, linavuka ikweta, linaingia baridi ya kusini, linapanda tena kwenye joto. Hewa iliyomo inatoa maji yanayodondoka kutoka darini: jasho la kontena. Safisha majimaji ya kupoozea yote, kwa sababu yana maji ndani yake, kisha paka njia za bedi, spindo na taya za kushikia kazi grisi nzito au nta ya kuzuia kutu. Usipake oili nyepesi. Inateremka ndani ya wiki moja. Ukifunika kwa plastiki, acha chini wazi ipumue, na ning'iniza mifuko ya kufyonza unyevu. Mbao mbichi za kasha nazo zinaleta maji, kwa hiyo chagua kavu.

Mbao hizo hizo lazima ziwe na muhuri wa ISPM 15, ule wenye suke la ngano, unaoonyesha kwamba zilitibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Kasha lililogongwa na mbao za kuokota uwanjani linaweza kuzuiliwa kwa sababu ya mbao tu.

Jenereta la dizeli likiwa na mafuta linaweza kuhesabiwa mzigo wa hatari. Kausha tangi na bomba, ondoa waya za betri na ufunike vichwa vyake, kisha iandikwe kwenye hati kwamba imefanyika. Likivuja kwenye ghala la wakala, litabaki pale na utalipia kila siku. Vifaa vya umeme na elektroniki vina sheria kali zaidi: tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za elektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zipate idhini ya nchi inayopokea kabla ya kusafirishwa. Kompyuta, printa au kifaa cha maabara kisicho na uthibitisho wa kupimwa na kuonekana kinafanya kazi kinaweza kuchukuliwa kuwa taka na kuzuiwa huko huko Ulaya.

Kuhusu hati, mnunuzi aliyeko Dar hawezi kuwa mtoaji mzigo rasmi kwenye forodha ya Ulaya. Lazima awe mtu au kampuni yenye makazi ndani ya Umoja. Elewana na muuzaji au wakala mapema nani atasimama. Muuzaji akikutoza VAT ya kwao kama dhamana, utairudishiwa baada ya uthibitisho kwamba mzigo umetoka, hivyo dai karatasi hiyo. Tunza ankara ya mnada, uthibitisho wa malipo wa benki, na picha ya kibati chenye namba na mwaka wa mashine. TRA wakiitilia shaka bei ya dola 1,500, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea. Maneno matupu hayatasaidia. Bima ya mzigo unaoingia Tanzania inatakiwa ikatwe kwa kampuni za ndani, chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa hiyo kununua kwa bei yenye bima ya huko ni kulipa mara mbili. Na soma masharti yake: mashine zilizotumika mara nyingi hupewa bima finyu isiyogusa kutu wala mikwaruzo.

Ukijaza kontena zima, siku za bure, yaani siku za kukaa na kontena bila kutozwa, zijadiliwe kabla ya kupakia. Kontena likiwa majini huna tena cha kujadili. Bandari inatoza hifadhi yake, kampuni ya meli inatoza kontena lake, na hesabu zote mbili zinaweza kukimbia kwa pamoja. Njia inayowafaa wengi wenye mashine nzito ni kununua kontena kuukuu na kuliletea mzigo ndani yake kama mali yako. Hakuna la kurudisha, hakuna faini ya kuchelewesha, na linabaki kuwa stoo ya karakana. Hakikisha kibati chake cha CSC, kinachothibitisha usalama wa kontena, bado ni halali, la sivyo halitapakiwa, na uliingize kwenye hati, maana lenyewe ni bidhaa inayokadiriwa kodi.

Kwa mzigo unaoendelea Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, kontena lako mwenyewe lina faida kubwa zaidi, kwa sababu kontena la kampuni ya meli linatakiwa lirudi Dar, na foleni ya mpakani inahesabiwa kwako. Hati ya FERI ya Kongo, yaani taarifa ya kielektroniki ya mzigo unaoingia nchini humo, iombwe wakati mzigo bado uko njiani, na namba zake zilingane na hati ya shehena herufi kwa herufi. Uzito ukitofautiana na ule uliotangazwa bandarini Antwerp, marekebisho yanafanyika huku lori limesimama na dereva anadai posho yake ya kila siku.