Jino la mwanangu na kichupa cha mafuta ya karafuu

Mwalimu alinipigia simu saa nne asubuhi: kijana wangu ameteleza bombani shuleni, jino la mbele limekatika. Nilimwachia jirani meza yangu ya nyanya pale soko la Mbuyuni, nikapanda bodaboda.

Alikuwa na miaka minane. Jino lenyewe ni la kudumu, lile la juu katikati, na lilikuwa limeota mwaka mmoja tu nyuma. Alipofungua mdomo nikaona limekatika mshazari, na katikati ya mkato pana nukta nyekundu, ndogo kama kichwa cha pini, inavuja damu. Akivuta hewa tu machozi yanamtoka. Kipande mwalimu alikiokota akakitia kwenye kikombe cha maziwa. Sitaacha kumshukuru, maana kipande kikikaa na unyevu huweza kugundishwa mahali pake.

Tulipita nyumbani kuchukua kadi ya bima. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho juzi yake, alitupokea na kichupa cha mafuta ya karafuu na pamba mkononi. "Mdondoshee hapo penye wekundu, mwanangu, atatulia." Nimekulia dawa hiyo na naijua inavyofanya kazi. Nilikuwa nimeshalowanisha pamba, ila mtoto akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akagoma kabisa. Tukaondoka hivyo hivyo, wote watatu.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Mmeweka kitu chochote hapo?" Nilipojibu hapana, alishusha pumzi.

Alitueleza kwamba ile nukta ni kiini cha jino, nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ndani yake zimo seli shina, ambazo jino likiumia huweza kugeuka zikawa seli za kujenga dentini, ile sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli, gamba la nje. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Marekani walizitambua seli hizo kwenye meno ya watu wazima mwaka 2000, na kwenye meno ya utotoni mwaka 2003.

Kisha akatuonyesha picha ya eksirei. Mzizi ulikuwa mfupi, kuta zake nyembamba, ncha imeachama kama faneli. Mzizi wa jino la kudumu hukamilika kama miaka mitatu baada ya jino kutokeza. Kiini kikifa kabla ya hapo, ujenzi unasimama palepale, na mtoto anabaki na jino dhaifu. Hapo ndipo nilipoielewa hatari ya ile pamba. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli. Ikipenya kidogo kidogo kupitia dentini inapooza neva na kutuliza uvimbe, ndiyo maana hata madaktari huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia meno kwa muda. Ikigusa kiini kilicho wazi, ikiwa kali vile, inaua seli. Maabara zimelipima jambo hili kwenye seli za kiini: dozi ikipanda, seli zinazidi kufa.

Matibabu hayakuchukua hata saa nzima. Sindano ya ganzi, akaondoa kama milimita mbili za juu za kiini, akakandamiza pamba yenye maji ya chumvi mpaka damu ikakatika, akaweka dawa nyeupe ya kalsiamu haidroksaidi, akaziba, akagundisha kipande. Njia hiyo inajulikana kwa jina la daktari Cvek wa Sweden, ambaye mwaka 1978 aliandika kuhusu meno 60 aliyoyatibu hivyo, na asilimia 96 yakapona.

Mama mkwe alikuwa ametulia muda wote. Aliposikia kwamba dawa ile kwa asili ni chokaa, akauliza, "Samahani daktari, chokaa si inaunguza kuliko karafuu?"

Daktari aliacha kuandika, akamgeukia. "Umeuliza la maana, bibi. Inaunguza kweli, lakini utando mwembamba wa juu tu. Seli zilizo chini yake zinaamka na kuanza kujenga ukuta wa dentini. Eujenoli ikiwekwa juu ya kiini, uvimbe unabaki na ukuta haujengeki." Kwangu jibu lile lilikuwa na uzito kuliko maelezo yote ya siku ile, na naamini hata kwa mama mkwe, maana njiani alikuwa akilirudia.

Nyumbani tulimlisha mtori na vyakula laini wiki mbili, mswaki laini, mahindi ya kuchoma marufuku. Panadoli kwa uzito wake, usiku mbili tu. Kila Jumapili nilimsimamisha dirishani nikiangalia kama jino linageuka kijivu au ufizi unatoa kipele. Wiki ya sita tulirudi kliniki, kisha mwezi wa tatu, wa sita, na mwaka ulipotimia.

Picha ya mwaka mmoja ilionyesha mstari mweupe mwembamba chini ya dawa, kuta za mzizi zimenenepa, na ncha iliyokuwa imeachama imebaki na upenyo mdogo. Mama mkwe aliiomba picha, akaiinua kwenye mwanga, akalilinganisha jino lile na jirani yake kwa kidole, kwanza urefu, halafu ncha.

"Yamelingana," akasema, akamrudishia daktari.