Mtaa Mmoja, Nusu Saa kwa Miguu

Ami yangu, mdogo wake baba, alipelekwa Ujerumani Mashariki mwaka 1968 kusomea ufundi wa umeme, na katika miaka miwili aliyoishi Berlin alipewa kazi moja ambayo haikuandikwa katika ratiba yoyote ya masomo: kuchukua salamu za mwalimu wake wa Kijerumani na kumfikishia dada wa mwalimu huyo. Mwalimu alikaa Brunnenstraße. Dada yake naye alikaa Brunnenstraße, mtaa uleule, upande wa kaskazini, mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Baina yao ulipita Ukuta wa Berlin, ulioukata mji vipande viwili: Mashariki alikokaa mwalimu, na Magharibi alikokaa dada.

Kisa hiki nilikisikia utotoni Kikwajuni, Unguja, katika ghorofa ambazo nchi hiyohiyo ya Ujerumani Mashariki ilitujengea baada ya Mapinduzi ya 1964, na kwa miaka mingi sikukielewa. Mtoto wa mjini Unguja anaujua mtaa kuwa ni kitu cha kupita: unaingilia huku, unatokea kule, na njiani unaamkia wakubwa. Sikuweza kuupata akilini mtaa ambao mtu anaufikia katikati, kisha basi. Sasa nina mwaka wa sita ninaishi Berlin, na Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba niliamua kuzitembea njia mbili kwa siku moja, kwanza ile aliyolazimika kuipita ami, kisha ile ambayo ndugu wale wawili wangeipita lau wangeachwa.

Nilianzia stesheni ya Friedrichstraße. Pembeni mwake limesimama jengo la vioo na chuma lililofunguliwa mwaka 1962 kuwa ukumbi wa kuondokea watu wanaotoka Mashariki kwenda Magharibi, na ambalo wenyeji waliliita Tränenpalast, yaani Kasri la Machozi, kwa sababu hapo mlangoni ndipo walipoagana. Siku hizi ni makumbusho na hakuna kiingilio. Ili kuielewa kazi ya ami inafaa kujua hali ilivyokuwa mwaka ule wa 1968. Mkaazi wa Mashariki hakuruhusiwa kwenda Magharibi, isipokuwa wazee waliokwisha kustaafu. Mkaazi wa Berlin Magharibi naye hakuweza kuingia Mashariki ila kwa dharura ya kifamilia, kwani mapatano ya vibali vya kutembelea jamaa, yaliyoanza Krismasi ya 1963 na kuleta ziara zaidi ya milioni 1 kwa wiki chache tu, yalikwisha mwaka 1966 na hayakufanywa upya. Simu baina ya pande mbili za mji zilikuwa zimekatwa tangu 1952. Barua zilifika, lakini watu walijua kwamba zingeweza kufunguliwa na kusomwa, na mwalimu wa serikali hakuthubutu kuandika kila lililokuwamo moyoni. Aliyebaki ni mgeni mwenye pasi ya nchi nyingine.

Ndani ya ukumbi kimehifadhiwa kibanda cha ukaguzi wa pasi. Ni chembamba kiasi kwamba mtu mwenye mzigo hupita kwa taabu, na dirisha la mlinzi liko upande mmoja, wewe ukiwa umesimama chini ya taa. Nilisimama humo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikimwaza kijana wa miaka 21 kutoka Unguja akiitoa pasi yake ya Tanzania, na nyuma yake, nje ya mlango, mwalimu wake, mwanamke wa makamo, aliyemsindikiza mpaka pale ambapo kusindikiza kuliishia. Pasi ya mgeni ilifungua mlango ambao mwenye mji hakuweza hata kuusogelea. Ami husema kuwa hilo lilimtia haya, na kwamba kila aliporudi alijikuta akimwomba mwalimu radhi bila ya kosa lolote.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, kwa sababu Ukuta ule ulitugusa na sisi kabla ya ami kupanda ndege. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, na baada ya Muungano swali likawa la Tanzania nzima, kwani Ujerumani Magharibi haikukubali nchi rafiki iutambue upande wa pili. Mwaka 1965 ubalozi wa Mashariki uliokuwapo Zanzibar ulipunguzwa cheo, badala yake ikaruhusiwa ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, na hata hilo halikutosha: serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akaijibu kuwa iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali. Nikisoma habari hizo naona fahari, na sioni sababu ya kuificha.

Kutoka Friedrichstraße ami alishuka chini ya ardhi na kupanda treni ya Magharibi iendayo kaskazini. Treni hiyo ipo mpaka leo, nami niliipanda. Stesheni mbili za mwanzo, Oranienburger Straße na Nordbahnhof, zilikuwa chini ya ardhi ya Mashariki, kwa hiyo zilifungwa tangu Agosti 1961 na treni ilizipita polepole bila ya kusimama, huku abiria wakiona taa hafifu na walinzi wenye silaha. Watu waliziita stesheni za mizimu. Nordbahnhof leo ina maonyesho ya picha zake ukumbini, na aliyekaa mbele yangu siku ile alikuwa msichana aliyelala usingizi na begi lake la shule, hana habari kuwa tunapita wapi. Nilishuka Gesundbrunnen, kwenye ncha ya kaskazini ya Brunnenstraße. Safari ile ilimchukua ami nusu siku, pamoja na foleni na ukaguzi wa kwenda na kurudi.

Kisha nikashuka na mtaa wenyewe kuelekea kusini. Nyumba ya dada haipo tena. Eneo hilo la Wedding lilikuwa katika mpango mkubwa wa kubomoa na kujenga upya, na ghorofa nyingi za zamani ziliondolewa, hivyo nilipita mbele ya majengo ambayo ami hawezi kuyatambua. Lakini treni aipandayo dada kila asubuhi kwenda kazini Kreuzberg, eneo jingine la Berlin Magharibi, katika karakana ya ushoni, ndiyo ileile inayoitwa leo U8, nayo inapita chini ya Brunnenstraße hiihii. Ilivuka mpaka ikiwa chini ya ardhi, ikazipita bila ya kusimama stesheni zilizofungwa, zikiwamo za Bernauer Straße na Rosenthaler Platz, ikatokea tena Magharibi. Kwa maneno mengine, kila siku ya kazi dada yule alipita chini ya nyumba ya mdogo wake. Mwalimu alimwambia ami kwamba alfajiri husikia sakafu ikitetema, na kwamba aliamua kuipokea hiyo kuwa ndiyo salamu ya siku zile ambazo hapana wa kuzileta.

Dakika chache zaidi nikafika Bernauer Straße, inayoikata Brunnenstraße. Hapa mpaka haukupita katikati ya barabara. Nyumba za upande wa kusini zilikuwa za Mashariki, ilhali njia ya miguu iliyo mbele ya milango yake ilikuwa ya Magharibi, kiasi kwamba mtu aliyetoka mlangoni kwake alikuwa amekwisha vuka nchi. Serikali ya Mashariki iliziba milango, kisha madirisha ya chini, na watu wakaanza kuruka kutoka ghorofa za juu. Ida Siekmann aliruka tarehe 22 Agosti 1961 kutoka ghorofa ya tatu, siku moja kabla ya kutimiza miaka 59, akafa. Ndiye mtu wa kwanza kupoteza maisha katika Ukuta huo. Wakaazi waliobaki walihamishwa kwa nguvu, na madirisha yote yakazibwa kwa matofali. Watafiti wameorodhesha watu wasiopungua 140 waliouawa au kufa katika Ukuta wa Berlin hadi 1989. Pale ulipobomolewa kabisa zimesimamishwa nondo ndefu zenye kutu, zimeachana kiasi cha mtu kupenya. Nilipenya, nikarudi, nikapenya tena.

Niliacha njia nikaenda hatua mia kadhaa upande wa magharibi kuitazama Kapelle der Versöhnung, kanisa dogo la Maridhiano. Hapo palikuwa na kanisa kubwa la matofali lililofunguliwa 1894, likajikuta ndani ya ukanda wa mpaka, halina njia ya waumini kuingilia, mpaka serikali ya Mashariki ilipolilipua Januari 1985. Kanisa la sasa, lililofunguliwa mwaka 2000, limejengwa kwa udongo ulioshindiliwa, na ndani ya udongo huo vimechanganywa vipande vya matofali ya kanisa la zamani. Niliuweka mkono juu ya ukuta wake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya miti na udongo shamba, na baridi ile ya ukuta kiganjani, baridi isiyochoma, niliijua. Ni Mwislamu mimi, lakini nilikaa humo kimya kwa heshima ya wale waliokufa katika Ukuta. Nje yake kuna shamba la rai, nafaka ya kuokea mkate mweusi, limelimwa palepale ambapo zamani walinzi walisawazisha mchanga ili waone nyayo za anayekimbia.

Nikarudi Brunnenstraße na kuimaliza hadi Rosenthaler Platz, jirani na alipokaa mwalimu. Kutoka Gesundbrunnen, ukiondoa muda nilioupoteza kwa kutazama, nilitumia dakika 26.

Jioni nilimpigia ami simu Unguja. Nilimwamkia, nikampa habari ya nondo, ya kanisa la udongo, na ya nyumba ambazo hazipo. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu: alirudishwa nyumbani ghafla mwishoni mwa 1970, na mkononi alikuwa na salamu moja ambayo hakuifikisha. Mwalimu alitaka dada yake ajue kuwa uvimbe uliokuwa ukimtia hofu umepimwa na si kitu. Miaka hamsini na zaidi ami ameibeba salamu ile kama amana ya mtu.

Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma. Tarehe 31 Januari 1971 simu baina ya Berlin Mashariki na Magharibi zilifunguliwa tena baada ya miaka 19, laini 10 tu kwa mji mzima, na watu walisubiri kwa saa nyingi kuunganishwa.

Alinyamaza, nikasikia adhana ya magharibi kwa mbali upande wake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi huenda alimwambia mwenyewe."