Tepe Mbili

Jumapili usiku, Umoja

Leo mtoto wa dada yangu amekuja na fomu ya kuomba kujiunga na jeshi la Kenya. Tulikuwa tumemaliza kula, Baba ameketi karibu na dirisha, redio iko chini. Kijana akampa ile karatasi kwa mikono miwili, akamwomba baraka. Baba akaisoma yote polepole, akamrudishia.

"Usiende kama kurutu," akamwambia. "Rudi usome, uombe ukadeti, uingie kama afisa. Huko makosa husameheka."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Ameshazoea, kama alivyozoea goti lake linalomsumbua kila mvua inapokaribia. Mimi sijazoea.

Mwaka 1993 Baba alikuwa koplo, dereva, katika kambi ambayo sitaitaja. Ijumaa moja jioni afande wake, meja, alimwambia amwendeshe nje ya mji kwa shughuli zake za nyumbani. Safari haikuandikwa popote. Baba alilijua hilo, lakini koplo gani atamuuliza meja karatasi? Wakirudi usiku, mvua inanyesha, Land Rover ikateleza, ikaingia mtaroni na kulala ubavu. Meja alitoka na mkwaruzo mkononi. Baba alivunjika mbavu mbili.

Mashtaka aliyosomewa yalikuwa ya kuchukua gari la jeshi bila kibali na kuliharibu. Aliingizwa kwa kamanda wa kikosi kwa lefti-raiti, amevuliwa kofia na mshipi, kifua bado kimefungwa bendeji. Baada ya dakika chache alitoka na siku 28 za kizuizini. Cheo nacho kikaenda. Meja, tulivyosikia, alipewa karipio, na mwaka uliofuata akapandishwa kuwa luteni kanali.

Ninachokumbuka mimi zaidi ya yote ni wembe. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na mashati matatu ya kazi mapajani, akawa anazibandua tepe za cheo. Alizishona mwenyewe kwa uzi maradufu, siku Baba alipopata ukoplo, maana alitaka zisilegee hata zikifuliwa kila siku. Sasa ule uzi ulimkatalia. Alikata mshono mmoja mmoja, akivuta nyuzi kwa kucha, na kila tepe ilipotoka ilibaki V ya kijani kibichi pale ambapo jua halikuwahi kufika. Akalowesha kitambaa, akapiga pasi juu yake ili vitundu vya sindano vizibe. Vitundu viliziba. Ile V haikutoka. Baba alirudi kazini na mashati hayo hayo, na kila aliyempita kwenye gwaride aliweza kusoma kilichokuwa pale.

Mshahara ulipungua, nikarudishwa nyumbani kwa karo mara mbili muhula ule. Hayo yalipita.

Nimekua nikiisoma sheria ya jeshi kama wengine wanavyosoma magazeti. Ile inayotumika sasa ni ya 2012. Humo, afisa akishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, pamoja na mwanasheria anayeongoza kikao lazima wawepo wajumbe wasiopungua watano. Akishtakiwa askari wa kawaida, watatu wanatosha. Yaani kabla shahidi hajafungua mdomo, cheo cha mshtakiwa kimeshahesabiwa. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza kwa nini uhuru wa koplo uchunguzwe na macho machache kuliko uhuru wa meja.

Na Katiba ya 2010 haikusema hivyo. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria ipunguze baadhi ya haki za wanajeshi: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, haki za kazi, za kiuchumi na kijamii, na za mtu aliyekamatwa. Nimeipitia orodha hiyo mara nyingi. Usawa mbele ya sheria, ulio katika kifungu cha 27, haumo. Askari hakunyang'anywa huo.

Najua maafisa nao huadhibiwa. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kamanda wa Jeshi la Anga mwenyewe alihukumiwa miaka minne kwa kushindwa kuzuia maasi. Lakini hilo lilikuwa jambo la kutikisa nchi nzima. Kinachovunja nyumba za askari ni haya madogo ya kila wiki: gari, mafuta, kuchelewa kurudi kambini, harufu ya pombe. Hapo ndipo mmoja hupewa karipio ofisini na mwingine huvuliwa mshipi.

Tuliurithi mtindo huu. Uingereza iliacha kuwachapa viboko wanajeshi wake mwaka 1881, lakini askari Waafrika wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, waliendelea kulazwa chini na kuchapwa kwa miongo mingi baadaye, chini ya maafisa wazungu. Maafisa wakabadilika rangi. Ukuta kati ya mesi yao na nyumba za askari ukabaki pale pale. Nilikulia upande mmoja wake, najua.

Sidai kila mtu jeshini awe sawa na mwenzake. Amri lazima iwe na mtu wa kuitoa. Ila aliyetoa amri ndiye aliyechagua safari, na mimi naona adhabu ingeanzia kwake, tena iwe nzito zaidi.

Kijana aliikunja fomu yake, akakaa kimya kitambo. Kisha akauliza swali ambalo mimi, miaka yote hii, sijathubutu kuuliza.

"Babu, yule afande alikuwa mtu mbaya?"

"Hapana," Baba akasema. "Alinijia hospitalini na maziwa na mkate. Alikaa nami saa nzima." Akanyoosha mkono, akazima redio. "Siku ya kesi ndiyo hakuja."