Nilivyoacha kulala na kelele za jikoni

Nahudumu mezani kwenye mgahawa mmoja karibu na kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza. Feri ikishusha abiria saa 7 mchana, wote wanataka sato na ugali kwa mara moja. Mpishi anafoka, mteja anagonga meza, na mimi nimebeba oda za meza 6 kichwani. Usiku nikawa naota naitwa, "Dada, samaki wangu yuko wapi?" Naamka moyo unadunda.

Nililaumu wateja, kumbe kwanza ilikuwa njaa. Asubuhi chai kavu, kula ni saa 10 jioni. Sasa saa 5 na nusu nakula wali maharage, hata nikiwa nimesimama. Kahawa ya jioni nimeikata; nusu ya kafeini yake, kile kinachofukuza usingizi, inaweza kubaki mwilini hata baada ya muda wa saa tano hivi.

Oda nazo nimezitoa kichwani. Nilimwomba mpishi tupigilie msumari kwenye dirisha la jikoni: naandika namba ya meza na saa kwenye kikaratasi, nachomeka. Alinuna siku mbili. "Mwenzetu umekuwa karani?" Leo karatasi isipokuwepo, yeye ndiye anayeidai.

Akifoka, navuta pumzi nikihesabu 4, naitoa nikihesabu 6. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na hakuna anayegundua.

Jioni sikimbilii daladala. Natembea hadi mbele ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliomo ziwani, nakaa dakika 15 nikinuka vitunguu, simu mkobani. Usingizi umerudi. Wagonga meza bado wapo.