Balbu ya Wati 100

Binti yangu mdogo alikuwa anatafuta chaja kwenye lile sanduku la bati chini ya meza, akaibuka na balbu. Balbu ya zamani ya wati 100, ipo kwenye holda nyeusi, na nyaya mbili zinaning'inia. Akaitikisa karibu na sikio.

"Baba, taa hii ya wapi? Mbona haina swichi?"

Nikamwambia airudishe taratibu, isije ikapasuka. Alinitazama, maana sauti yangu ilitoka kali kuliko jambo lenyewe. Mama yake akacheka akiwa jikoni. Yeye anajua balbu ilikotoka. Habari ya karatasi haijui.

Ilikuwa 1996, mwezi wa tisa, upepo wa Dodoma ukipuliza vumbi mpaka ndani ya makabati. Amplifaya ya kwaya, mashine ya kukuza sauti, ile ya valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyopata moto ndani, ilianza kukata fyuzi siku ya Jumatatu. Unaweka fyuzi mpya ya ampea 2, unawasha, valvu zinaanza kuonyesha wekundu, unahesabu mpaka kumi na mbili, kumi na tatu, halafu "ta!" na kimya. Tulinunua fyuzi tano pale soko la Majengo. Zote tano ziliisha kabla ya mazoezi kwisha. Na Jumamosi tulikuwa na harusi Chamwino, fedha ya watu tumeshakula.

Alhamisi usiku wenzangu walipoondoka nilibaki peke yangu. Nikachukua karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa kama fedha, nikaizungushia fyuzi iliyoungua, nikaichomeka. Nilishaona watu wakifanya hivyo kwenye redio. Nikawasha, nikahesabu. Kumi na tatu ikapita. Ishirini. Kabla sijashika gitaa, transfoma ikaanza kunguruma, mngurumo mzito wa chinichini, meza ikitetemeka, na harufu ikaja. Anayeijua harufu ya vanishi ya transfoma inayoungua hahitaji kuelezwa. Nikavuta waya ukutani. Nilikaa nimeiwekea kiganja ile transfoma mpaka ikapoa, nikiomba. Kwa hofu, ile karatasi nikaisahau ndani.

Ijumaa mchana mimi na mwalimu wa kwaya tukaisukuma kwa mkokoteni mpaka kwa fundi, nyuma ya soko. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaongeza "mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, kama kawaida. Hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha fyuzi, akakifungua, akatoa kile nilichokiweka. Karatasi ilikuwa imeungua ukingoni, nyeusi.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu anahesabu fedha za matengenezo. Fundi alinitazama mara moja tu. Akaitoa karatasi kwenye fyuzi, akaitia kwenye mfuko wa shati, kama mtu anayeweka chenji.

"Fyuzi zimekwenda ngapi?"

"Tano, mzee."

"Basi zimekuita mara tano."

Mwalimu alirudi ofisini kwake, mimi nikabaki kushika tochi. Fundi alichomoa valvu zote, zikiwemo nne za kutoa sauti, EL84, akazilaza juu ya kitambaa. Akanionyesha makapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme, na kunikanya nisiyaguse, kwa sababu hata mashine ikichomolewa ukutani yanaweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300. Akayamaliza umeme kwa rezista, kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme, iliyofungwa kwenye kijiti, mkono wa pili ameuweka nyuma ya mgongo. Akapima kwa mita: makapasita mazima, transfoma nzima. (Nilivuta pumzi hapo, nikakohoa ili asisikie.)

Ndipo akaitoa balbu hii. Umeme wa ukutani aliupitisha kwanza kwenye balbu ndipo uingie kwenye amplifaya. Mashine ikiwa nzima, balbu inafifia. Ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kuuzuia umeme, wala transfoma haiungui.

Ilikuwa imekaribia magharibi. Akafunga dirisha la kibanda, giza likaingia, akawasha. Balbu ikatoa mwanga hafifu wa rangi ya kaa la moto, ikatulia. Akazima, akachomeka valvu ya rektifaya, GZ34, ile inayoupitisha umeme upande mmoja tu, peke yake, na waya unaoiunganisha na makapasita ameukata. Akawasha tena. Mwanga ukawa uleule hafifu. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo kama nilivyozoea, safari hii polepole. Ndani ya kioo cha rektifaya wekundu ulipanda kidogo kidogo. Fundi alikuwa ameinama, uso wake karibu na kioo, miwani yake imebeba nukta mbili nyekundu.

Halafu cheche. Moja, ya buluu, ndogo kama ncha ya sindano, katikati ya vyuma ndani ya valvu. Na balbu ikawaka kibanda kizima: redio zilizofunguliwa matumbo, vumbi lililoelea hewani, kalenda ukutani, mkono wake uliokwisha fika kwenye swichi. Na mfukoni mwa shati lake, kwa kuwa shati lilikuwa jepesi, nikaiona ile karatasi iking'aa.

"Umemwona?" akasema. "Akiwa baridi, mita haimkamati. Mpaka apate moto."

GZ34 haikupatikana mjini. Badala yake alifunga dayodi nne za 1N4007, vipande vidogo vinavyofanya kazi ileile, mbili mbili kila upande, na rezista kubwa ya kupunguza volti, akanilehemisha mimi mwenyewe kiungo cha mwisho. Fyuzi mpya, ampea 2. Harusi ilikwenda vizuri. Sauti ilikuwa kavu kidogo kuliko zamani, na nadhani ni mimi tu niliyeisikia.

Niliendelea kwenda kwake miaka mingi baada ya hapo, nikajifunza kazi. Alipofunga kibanda alinipa balbu na ile rezista ya kwenye kijiti. Katika miaka yote hiyo hakuitaja karatasi hata siku moja, nami sikuitaja. Sijui kama alinisitiri mimi, au aliona mwalimu akijua hatakuwa na mpiga gitaa kesho yake. Nilitaka kumwuliza, nikawa naahirisha, hadi akafariki.

Binti alikuwa bado amesimama na balbu mkononi. Nikamwambia ni taa ya kupimia mashine mbovu. Akauliza kama bado inawaka. Nikaunga nyaya, nikamwita akae karibu, nikafunga dirisha.