Pindo la sketi ya bluu

Mimi ni mshonaji, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, nyumba inajaa vitambaa vya bluu na vyeupe, na watoto wa mtaa wanapanga mstari mlangoni kungoja vipimo. Mwaka jana binti yangu wa miaka 9 alipanga mstari pamoja nao. Nilipomzungushia utepe kiunoni nilidhani nimesoma vibaya, nikarudia. Ulikuwa ukubwa wa sketi ninazowashonea mama zao.

Nisiwadanganye, nilifurahi kidogo. Kwetu mtoto mnene ni sifa, watu wanajua nyumba hiyo haikosi chakula. Tena unene ule niliutafuta mwenyewe. Alipokuwa na miaka 4 alikuwa hali chakula, mbavu zinahesabika. Jirani akanielekeza sirupu ya kuleta hamu ya kula, nikainunua bila kumuuliza daktari. Nyingi kati ya sirupu hizo ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo pia huamsha njaa. Nilimpa miezi na miezi. Chupa ziliisha, mazoea ya kulundika sahani yakabaki.

Kilichonishtua ni shingo. Nyuma ilikuwa nyeusi, ngozi imekuwa nene, kama mtoto asiyeoga. Nilimsugua kwa sabuni na sifongo hadi akalia. Mteja wangu mmoja, muuguzi, alimwona anageuka kupimwa akaniambia polepole: "Mama, ule si uchafu. Mlete kesho kwenye kituo."

Kumbe weusi ule mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayosawazisha sukari ya damu, inafanya kazi kwa shida mwilini, na hali hiyo ikiachwa inaweza kuishia kwenye kisukari. Nilikumbuka ile sabuni, nikakosa pa kutazama. Sukari yake ya damu ilikuwa bado sawa. Urefu sentimita 133, uzito kilo 40. Muuguzi hakutumia hesabu ya watu wazima. Alifungua mchoro wa wasichana wa umri wake, nukta ikaangukia juu ya mstari wa unene uliopita kiasi. Nikauliza apunguze kilo ngapi.

"Hata moja, mama. Uzito usimame hapo hapo, urefu utaufikia."

Alisema mtoto bado anajenga mifupa, kumlaza njaa au kumpa vidonge vya kukondesha ni kumharibia. Wapo watoto wanaohitaji kupungua kabisa, lakini hao hufuatwa na daktari. Wa kwangu arudi kila baada ya miezi mitatu.

Juma la kwanza niliharibu. Nilimtengea sahani yake ndogo, wenzake wakipiga bukari, ugali wetu, kama kawaida. Siku ya nne nikahamisha vitambaa, nikakuta nyuma ya cherehani mfuko wa vitumbula, maandazi ya kukaanga, umelowa mafuta. Hakusema kitu. Nikaona nimemfundisha kuiba chakula kwao. Tangu hapo sote tunakula chungu kimoja, hata baba yake. Bukari haikuondoka, nani angekubali? Ilipungua, na mboga za majani kama lengalenga na bilolo, pamoja na maharagi, vikaongezeka. Mafuta ya mawese kwenye sombe, majani ya muhogo, siku hizi napima kwa kijiko. Zamani nilikuwa namimina tu.

Kazi kubwa ilikuwa sukre, yaani soda. Chupa ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, na yeye alikuwa anakunywa mbili kwa siku, kwa sababu wateja wangu walikuwa wanamnunulia wakingoja nguo. Ilibidi niwaambie mmoja mmoja. Wawili walinuna. Kambo, bibi yake, naye alikaa siku tatu bila kuja, akisema namnyima mtoto. Nilimtuma huyo huyo mtoto ampelekee mboga, kwa miguu, yakaisha.

Kaka zake walikuwa wanamwita Tembo, na mimi nilikuwa nacheka. Jina hilo halitamkwi tena hapa. Pengine ndiyo maana alirudi kucheza nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, na wasichana wenzake jioni; alikuwa ameacha kwa sababu ya pumzi na maneno. Nyuzi tunakwenda kununua soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwa miguu, yeye akinitangulia. Muuguzi alitaka dakika 60 za kujishughulisha kila siku, hata kwa vipande. Simu yangu inalala chumbani kwangu, naye analala mapema.

Mwaka huu nimempima tena: sentimita 139, kilo 41. Shingo imeanza kufifia, bado haijatakata. Kiuno kimebaki kile kile. Basi nilichukua sketi ya mwaka jana, nikafumua pindo la chini na kuishusha, juu sikugusa kitu.

Amenuna siku nzima. Wenzake wote wana sketi mpya.